Nyota tatu kwa ziara ya Biblia ndani ya British Museum

Kwanza niseme mimi ni nani, ili anayesoma ajue nyota zangu zinatoka wapi. Nilikuwa fundi wa magari jeshini kwa miaka 24, nikastaafu na cheo cha sajini. Ni mzee wa kanisa kwa Walutheri hapa Morogoro, goti langu la kulia ni bovu, na binti yangu ni muuguzi huko Reading, Uingereza. Oktoba iliyopita nilikwenda kumtembelea. Anajua baba yake hapendi kuzungushwa madukani, kwa hiyo akaninunulia tiketi ya matembezi ya saa mbili na nusu ndani ya British Museum, London. Matembezi yenyewe yanauzwa kwa jina la manabii na wafalme: unapelekwa kwenye vitu vya kale vinavyohusu Biblia, mwongozaji anakusomea mistari, unarudi nyumbani umebarikiwa.

Bei ilikuwa pauni 22 kwa kichwa. Kwa pesa yetu ni zaidi ya elfu sitini, na tulikuwa wawili. Na ieleweke kwamba kuingia kwenye makumbusho yenyewe ni bure kabisa. Kwa hiyo ile pesa yote ni ya mdomo wa mwongozaji, na mdomo ndio ninaoupimia hapa. Kampuni sitaitaja. Yule kijana alikuwa mpole, ana bidii, na sitaki akose kazi kwa sababu ya mzee wa Morogoro.

Usafiri haukusumbua. Kutoka Reading treni ya Elizabeth inakwenda moja kwa moja hadi Tottenham Court Road, kisha unatembea kidogo tu. Kwenye geti mikoba inakaguliwa. Tulikuwa watu 14, na kila mmoja akapewa kisikilizio cha kuvaa sikioni ili mwongozaji aongee taratibu bila kusumbua wengine. Changu kilikufa betri baada ya nusu saa, na hakukuwa na cha akiba. Mtu anayeongoza msafara bila betri za akiba, kwetu karakana angechekwa. Binti yangu akanipa chake, yeye akawa anasimama karibu na mwongozaji na kunitupia jicho kila panapokuja jambo la maana.

Tulianza na jiwe jeusi refu la Shalmanesa wa 3. Limechongwa picha pande zote nne, na katika safu ya pili kutoka juu kuna mtu amepiga magoti, uso chini, mbele ya mfalme wa Ashuru. Maandishi yanamwita Yehu mwana wa Omri, naye analeta kodi, mwaka 841 K.K. Mwongozaji alieleza vizuri hapa, ila alisahau kutuchekesha: Yehu, mfalme wa Israeli, hakuwa mwana wa Omri hata kidogo. Yehu ndiye aliyeimaliza nyumba ya Omri kwa upanga. Karani wa Ashuru hakujali, kwake Israeli yote ilikuwa nyumba ya Omri, nani ameketi kitini ni shauri lenu. Dakika kumi, tukasonga.

Kisha wale ng'ombe wenye mabawa na vichwa vya watu, kutoka ikulu ya Sargoni wa 2, naye mfalme wa Ashuru, huko Khorsabad, Iraki ya leo. Ni wakubwa kuliko basi dogo lililosimamishwa kwa mkia, na wana miguu mitano: ukisimama mbele unaona miwili imetulia, ukisimama ubavuni unaona minne inatembea. Huyu Sargoni anatajwa mara moja tu katika Biblia, Isaya 20 mstari wa kwanza, na ikulu yake ikaja kuchimbuliwa kuanzia mwaka 1843. Wakati mwongozaji anasifia mabawa, mimi nilikuwa naangalia chini, kwa sababu shingo yangu nayo si nzima. Kwenye kitako cha jiwe, kati ya miguu, nikaona mikwaruzo. Vijumba, vimepangwa kwa safu. Nikamvuta binti yangu mkono. Akaninong'oneza, "Baba, tutaachwa." Nikaacha, lakini niliweka moyoni.

Sasa tufike Lakishi, maana hapa ndipo tiketi ilipopata thamani yake na ndipo ilipoipoteza.

Ni chumba kizima. Kuta zimezungukwa na mabamba ya mawe ambayo Mwingereza Austen Henry Layard aliyachimbua Ninawi katikati ya karne ya 19, yaliyokuwa yamepamba chumba kimoja cha ikulu ya Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Yanaonyesha jambo moja tu: mwaka 701 K.K. jeshi la Ashuru linautwaa mji wa Lakishi, mji wa pili kwa nguvu katika Yuda. Upande mmoja askari wanakuja kwa safu. Wapiga mishale wako mbele, wenye makombeo nyuma yao, kama inavyotakiwa, kwa sababu jiwe la kombeo linapita juu ya vichwa. Katikati kuna ukuta wa mji, na juu ya ukuta watu wa Lakishi wanarusha mawe na mienge ya moto. Magari ya kubomolea yanapanda tuta lililojengwa kuelekea ukutani. Na tuta hilo si hadithi ya mchongaji: liko mpaka leo huko Lakishi kwenyewe, nchini Israeli, mlima wa mawe ulioegemezwa kwenye ukuta.

Mimi nilisimama kwenye gari moja muda mrefu kuliko wote. Lina magurudumu, lina gogo refu mbele lenye ncha, mwili wake umefunikwa. Na ndani yake kuna askari mmoja ambaye kazi yake si kupiga mtu. Ameshika upawa mrefu, anamwaga maji kwenye pua ya gari ili mienge isilichome. Yaani mchongaji wa miaka 2,700 iliyopita aliona kwamba gari la vita bila mtu wa matunzo ni kuni tu, akampa yule mtu nafasi kwenye ukuta wa mfalme. Nilimpenda sana yule mwenye upawa. Katika vita vya Kagera nilikuwa na miaka 22, na kazi yangu ilikuwa ndiyo hiyo: sikupiga risasi nyingi, nilimwaga maji kwenye rejeta.

Mwongozaji alitupa picha hizi kwa dakika 12. Nilitazama saa. Alizitumia zaidi kusoma Isaya 10, na sauti anayo, nakiri. Ole wake Ashuru, fimbo ya hasira yangu. Kisha ule mstari wa 15, shoka haliwezi kujisifu juu ya mtu anayelishika, wala msumeno juu ya anayeuvuta. Akafunga karatasi yake, akasema, mnaona, mataifa yote na majeshi yote ni vyombo mkononi mwa Mungu. Wengi wakaitikia amina kwa Kiingereza chao.

Kwa fundi mstari huo ni mtamu. Spana ya 17 haiwezi kusimama kantini ikasimulia jinsi ilivyofungua nati. Lakini alikuwepo mama mmoja wa makamo, mkoba mwekundu, akauliza swali ambalo kila mtu pale alitakiwa aulize. Alisema: kama Mungu ndiye aliyewatuma, kwa nini basi anawaadhibu? Mwongozaji akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, akatazama saa, akasema tuna vyumba vingine vya kuona. Tukahama.

Hapo ndipo nyota ya kwanza ilipodondoka. Jibu lilikuwa kwenye karatasi yake mwenyewe, mistari minane juu ya pale aliposoma. Isaya 10:7 unasema Ashuru hakusudii hivyo, wala moyo wake hauwazi hivyo. Moyoni mwake mna kuharibu na kukatilia mbali mataifa si machache. Chombo hiki kina moyo. Hapo ndipo mfano wa spana unaponikatikia mimi mwenyewe, kwa sababu spana yangu haijawahi kuwa na nia, wala haijawahi kufungua nati kumi nikiiambia ifungue moja. Nabii anasema mambo mawili kwa pumzi moja: Bwana ameituma fimbo, na fimbo imefanya yake. Kwa lile la pili itajibu. Mstari wa 12 unasema hivyo waziwazi, Bwana akimaliza kazi yake Sayuni ndipo atageukia kiburi cha moyo wa mfalme wa Ashuru. Mtu anaweza kukataa hoja hiyo, lakini ni hoja, ipo, na mama wa mkoba mwekundu alikuwa ameilipia pauni 22.

Na kuna jambo lingine, ambalo kanisani kwetu pia hatuligusi. Tunaihubiri sana Isaya 37. Malaika wa Bwana anatoka usiku, asubuhi maiti 185,000, Senakeribu anarudi nyumbani, Yerusalemu imepona. Nimesikia mahubiri hayo zaidi ya mara 20, na mara mbili niliyatoa mimi. Lakini fungua Isaya 36 mstari wa 2: yule amiri aliyekuja kutukana chini ya ukuta wa Yerusalemu alitumwa kutoka wapi? Kutoka Lakishi. Mfalme alikuwa Lakishi. Yaani wakati matusi hayo yanamfikia Hezekia, mfalme wa Yuda, naye anararua nguo zake, kazi ya Lakishi ilikuwa inaendelea, ndiyo hii iliyoko ukutani. Na Lakishi hakuna malaika aliyetoka usiku.

Ukutani wapo watu watatu wametundikwa kwenye miti iliyochongoka. Wapo waliolazwa chini, wanachunwa ngozi. Na baada yao wanaotoka mjini. Hiyo sehemu mwongozaji aliipita kwa mgongo. Mkokoteni wa ng'ombe, juu yake mizigo imefungwa, juu ya mizigo wameketi wanawake na watoto. Wanaume wanatembea peku, mfuko begani. Wanawake wamevaa vazi refu linalofunika kichwa mpaka chini, na vitoto vya kike vimevaa vivyo hivyo, vazi lilelile kwa udogo. Wanakwenda kumpita mfalme aliyekaa kwenye kiti chake juu ya kilima, na maandishi mbele yake yanasema: Senakeribu, mfalme wa ulimwengu, mfalme wa Ashuru, ameketi kitini na nyara za Lakishi zikapita mbele yake.

Mwishoni mwa mwaka 1978 nilikuwa na lori la Kichina chini ya Kyaka, daraja limeshavunjwa, na tulikuwa tunawahamisha watu kuelekea kusini. Mama mmoja alipanda na jiwe lake la kusagia. Nilimwambia mama, jiwe ni zito, acha, mawe yapo kila mahali. Akaniangalia kama mtoto asiye na akili, akalikalia. Mbele ya ule mkokoteni wa Lakishi nilijikuta natafuta nini kimo ndani ya mizigo. Mchongaji ameifunga vizuri mno. Huwezi kujua.

Kitu kimoja zaidi kuhusu ukuta huo, na hiki mwongozaji hakukitaja kabisa. Nyuma ya watu na magari, mlimani kote, mchongaji amejaza miti: mizabibu na mitini. Sasa soma Isaya 36:16-17, yule amiri anawashawishi watu wa Yerusalemu wajisalimishe, anawaambia kila mtu atakula matunda ya mzabibu wake na mtini wake mpaka nije niwachukue. Mzabibu wake na mtini wake! Walikuwa wanaiona mizabibu hiyohiyo huku wakiwatoa wenyewe. Mtu akikaa pale na Biblia mkononi nusu saa anaviona vyote viwili. Dakika 12 hazitoshi.

Na huyo amiri ni mjanja, naomba nimsemee kidogo. Anawaambia, nitawapa farasi 2,000 kama mtaweza kupata watu wa kuwapanda. Ni kama kumwambia adui nitakupa malori 2,000, wewe leta madereva. Hayo ni matusi ya kijeshi, nimeyacheka peke yangu. Halafu mstari wa 10 anasema neno zito kuliko yote: Bwana mwenyewe ndiye aliyeniambia, panda juu ya nchi hii uiharibu. Maneno karibu yaleyale ya Isaya 10, ila yametoka kinywani mwa adui. Basi ni kweli au ni uongo? Isaya hajibu kwa kusema uongo. Anajibu kwamba nitatia kulabu yangu puani mwako, na kukurudisha kwa njia uliyoijia. Tangu hapo kila jeshi lililowahi kuvuka mpaka limesema limetumwa. Sisi nasi tuliimba.

Ghorofani tulipelekwa kwenye kipande cha udongo chenye pande sita, urefu wake kama sentimita 38, kimeandikwa herufi ndogo kama nyayo za kuku. Ndiyo ripoti ya Senakeribu mwenyewe. Kilipatikana Ninawi mwaka 1830, na jina la kanali Taylor aliyekipata limekishika. Hapo anasema aliteka miji 46 yenye kuta ya Hezekia, akatoa watu 200,150, na Hezekia mwenyewe akamfungia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu.

Mwongozaji akasema kwa furaha: mnaona, hasemi aliuteka Yerusalemu! Biblia imethibitishwa! Watu wakapiga picha.

Polepole. Mimi nimesoma ripoti nyingi za jeshi, na nyingine niliziandika, za mafuta na matairi. Ni kweli hasemi aliuteka, na mfalme aliyechonga ukuta mzima kwa ajili ya Lakishi, kama angeuteka Yerusalemu angetuchongea jumba. Kimya hicho kina uzito. Lakini hasemi neno juu ya malaika pia. Anachosema ni kwamba Hezekia alimtumia kodi mpaka Ninawi, talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Ukifungua 2 Wafalme 18:14 unakuta dhahabu ni 30, sawasawa, na fedha ni 300. Dhahabu inakubaliana, fedha haikubaliani. Mtu wa stoo yeyote anajua hesabu za aliyetoa na za aliyepokea hazilingani hata siku moja, na hilo kwangu lilifanya habari iwe ya kweli zaidi, si pungufu. Mwongozaji alitaja dhahabu, akairuka fedha. Kwa nini umfiche mtu mzima? Akienda nyumbani akaisoma mwenyewe, atadhani umeificha kwa sababu inakuogopesha. Nyota ya pili hiyo.

Halafu tena, habari ya Hezekia kubandua dhahabu kwenye milango ya hekalu ili alipe, iko Wafalme tu. Kitabu cha Isaya kinapoisimulia hadithi hiyohiyo kimeiacha. Hilo nalo lingefaa kusemwa kwa watu waliokuja kwa ajili ya manabii.

Karibu na hapo kuna kibao kidogo cha Babeli, kinatosha kiganjani, kama kipande cha sabuni kilichokwisha nusu. Kinaeleza jinsi mfalme wa Babeli alivyouteka mji wa Yuda mwaka 597 K.K., akaweka mfalme anayempenda yeye. Ni huyuhuyu ambaye Yeremia 27:6 anamwita Nebukadreza, mtumishi wangu. Mtumishi! Nabii anasema hivyo mjini Yerusalemu, kwa watu wanaojiandaa kupigana naye. Jeshini kwetu mtu wa kusema hivyo wakati wa vita angelala ndani, na Yeremia kweli alilala ndani. Tulipewa dakika tatu.

Mwisho ni silinda ya Koreshi, mfalme wa Uajemi. Umbo lake ni kama hindi kubwa, urefu sentimita 22 na kitu, udongo, imevunjikavunjika. Ilichimbuliwa Babeli mwaka 1879. Hapa mwongozaji aliupanda mlima wake: Isaya 45, Koreshi masihi wa Bwana, aliyeshikwa mkono wa kuume, aliyeitwa kwa jina lake, na mwaka 539 K.K. akaingia Babeli na kuwaruhusu watu warudi kwao. Alisoma vizuri sana, mama mmoja alilia.

Ila ukisoma tafsiri ya maandishi yenyewe, silinda haitaji Yerusalemu wala Wayahudi. Na aliyemchagua Koreshi humo ni Marduki, mungu wa Babeli. Marduki alitafuta katika nchi zote mfalme mnyoofu, akamshika mkono, akamwita kwa jina. Mkono uleule, jina lilelile! Mimi sikutishika, nilisisimka. Watu wa Babeli wanasema mungu wetu amemleta mgeni kwa sababu mfalme wetu alimchukiza. Nabii wa Waisraeli waliokuwa mateka anasema hapana, aliyemshika mkono ni Bwana, na Koreshi mwenyewe hamjui. Hilo limeandikwa, 45:4, ijapokuwa hukunijua. Wote wawili wanagombania mkono mmoja wa mfalme mmoja. Hiyo ndiyo hoja ya manabii yenyewe, imewekwa ndani ya kioo mbele yako, na sisi tukaambiwa tu ni ushahidi, tukashuka.

Matembezi yaliishia kwenye duka la vitabu. Mwongozaji akatushukuru, akaomba tumwandikie maoni mazuri. Ndiyo haya, kijana wangu.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, tukale?" Nikamwambia, "Mama, bado kuna mtu hatujamwamkia." Maana katika Isaya 37:9 kinachomfanya Senakeribu aharakishe ni habari kwamba Tirhaka mfalme wa Kushi ametoka kupigana naye. Mfalme Mwafrika, wa Sudani ya leo, ametajwa kwa jina katikati ya habari yote, na kwa saa mbili na nusu hakutajwa hata mara moja. Yuko chumba cha 65. Ni sanamu ya jiwe, mwili wa simba, uso wa mtu, imetoka Kawa huko Sudani. Si kubwa, ungeiweka juu ya meza ya chakula. Ila uso huo! Pua pana, midomo imejaa, macho hayakuombi chochote. Binti yangu alisema anafanana na baba yake mkubwa, marehemu kaka yangu, na ni kweli.

Tirhaka hakuiokoa Yuda, na mwaka 671 K.K. Waashuru walimfuata mpaka Misri wakaiteka Memfisi. Isaya alikuwa amekwisha kuonya kuhusu wanaotelemkia Misri kutafuta farasi. Lakini nilikaa kwenye benchi mbele yake nikamsomea binti yangu Amosi 9:7, ambapo Bwana anawauliza Waisraeli: je, ninyi kwangu si kama wana wa Wakushi? Sikuwatoa Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri? Kwamba na wengine nao walikuwa na safari zao, na aliyewatoa ni yuleyule. Aliusoma mara ya pili kwenye simu, kimya kimya, akasema, "Hii sijawahi kuhubiriwa." Mimi mzee wa kanisa nikatazama viatu.

Kwa anayetaka kwenda: nyota tatu nilizowapa ni kwa ajili ya mpango wa safari yenyewe, maana vitu vimechaguliwa vizuri na njia haikurudiarudia ngazi, jambo ambalo goti langu linashukuru. Sauti ya mwongozaji pia ni nzuri. Kama Kiingereza chako ni cha kusuasua, jihadhari, wanakwenda mbio. Ukitaka kubaki na pauni zako 22, andika vyumba hivi: cha 6 na cha 10 chini, cha 52 na 55 juu, cha 65 kwa Tirhaka. Biblia uwe nayo kwenye simu. Makumbusho yanafunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, lakini Ijumaa ni hadi saa mbili na nusu usiku, na wakati huo chumba cha Lakishi kinakuwa na watu wachache, unaweza kusimama karibu na ule mkokoteni bila mtu kukusukuma na fimbo ya kupigia picha. Mtazame na mfalme kwenye kiti chake. Uso wake haupo. Umepigwa patasi makusudi, na inadhaniwa ni mikono ya waliouangusha Ninawi mwaka 612 K.K. Mwili wote mzima, mavazi, mpaka nakshi za kiti, uso tu ndio umetolewa.

Kabla ya kutoka nilirudi kwa wale ng'ombe wenye mabawa. Niliinama kwa shida, mkono mmoja kwenye bega la binti yangu. Mhudumu aliyekuwa analinda chumba akaja haraka, akidhani nimeanguka au nimedondosha kitu. Nikamwonyesha vile vijumba. Vilikuwa vimekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, safu zake zimepinda kidogo, kama mtu aliyekuwa anachora huku akitazama kama mkubwa wake anakuja. Yule mhudumu akacheka. Akasema ndiyo, ni mchezo, wa zamani hizo, wanadhani walinzi wa lango walikuwa wanaucheza zamuni, na watu wengi hupita hapo bila kuuona. Akaniuliza mimi nimeuonaje.

Nikamwambia nimewahi kulinda geti. Drafti yetu tuliichora kwenye sakafu ya lindo, kwa msumari, na kete zilikuwa vizibo vya soda.